Miendo Tisa ya Murungi wa Maji

Pale Kanyakine, Imenti Kusini, hakuna anayepata maji kabla mguu wa Murungi haujapita. Hilo limesemwa zaidi na Murungi mwenyewe, lakini wa kulipinga hajapatikana, labda kwa sababu spana ya valvu inaning'inia kiunoni mwake na kila mtu ana ng'ombe wa kunyweshwa.

Ni mtu wa miaka hamsini na minane, mwembamba kama mti wa kutambazia maharagwe, mwenye mabuti ya mpira ambayo rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa mfungua maji wa mradi. Maji yanashuka kutoka msituni kwa bomba moja kubwa, yanagawanyika kwenye laini ndogo ndogo, na kila laini ina valvu yake ndani ya kisanduku cha saruji chenye mfuniko wa chuma. Valvu ni ishirini na tatu. Maji hayatoshi kwa wote kwa mpigo. Ukifungua valvu mbili zinazopakana kwa wakati mmoja, wa juu wanateka, wa chini mfereji unawatolea upepo, nao wakiona upepo wanampigia Murungi simu na kumwita majina ya wanyama wa porini. Ndiyo maana kuna zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na mtu mmoja wa kutembea akifungua hapa na kufunga pale.

Mtu mmoja. Sheria ya kamati imeandikwa hivyo: spana haishikwi na mkono mwingine. Aliyemtangulia Murungi alimwachia shemeji yake spana siku mbili tu, shemeji akajimwagia kabichi zake mpaka zikaelea, na mwezi haukuisha kabla kamati haijatafuta mtu mwingine. Huyo mwingine ndiye Murungi. Tangu hapo hakuna harusi, matanga wala mkutano wa wazazi ambapo hajasimama kueleza kwamba valvu za Kanyakine zinajua mkono mmoja na miguu miwili, na kwamba miguu yenyewe ni mashine.

Sasa, Murungi ana dada, na dada ana binti anayeitwa Joyline, na huyo Joyline yuko mwaka wa nne wa chuo kikuu pale Meru mjini, amepanga chumba Kaaga, anasoma hesabu. Si hesabu za dukani. Hesabu anazosoma zina herufi nyingi kuliko namba, na mtu aliyeishia darasa la nane, kama wengi wetu wenye akili, akizitazama anaweza kudhani ni barua iliyomwagikiwa na chai. Likizo moja msichana huyu alimfuata mjomba wake katika mzunguko wa valvu, kimya, daftari mkononi, na walipofika mwisho akamuuliza kama kuna njia fupi zaidi ya ile.

Murungi akasema hakuna.

"Umejuaje, Anko?"

Miaka kumi na mmoja, na swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku nzima alitembea akilirudia kimoyomoyo, mpaka dada yake akadhani ni malaria.

Kutokana na swali hilo Joyline aliandika kurasa kumi na nane. Alichofanya, kwa lugha ya kawaida, ni hiki. Kutoka valvu moja hadi jirani yake aliita mwendo mmoja. Kisha akathibitisha kwamba ukipewa ramani yoyote ya mabomba yanayogawanyika bila kurudi kuungana, zamu zikiwa mbili na mfungua maji akiwa mmoja, kuna idadi ya miendo ambayo hakuna binadamu anayeweza kushuka chini yake, hata awe na mabawa. Na akatoa kanuni ya kuipata idadi hiyo. Mwalimu wake wa chuo, Lydiah, aliisoma mara mbili akasema ni kazi safi, na kwamba kanuni yenyewe hajaiona mahali pengine. Mwishoni mwa kurasa kuna mstari wa kumshukuru Murungi wa Kanyakine. Mstari huo Murungi aliuomba uchapishwe peke yake kwenye karatasi kubwa. Uko ukutani kwake, kando ya kalenda ya kanisa.

Taabu ilianza pale Joyline alipotaka kuomba nafasi ya shahada ya pili ng'ambo. Fomu ilidai kazi ya utafiti iwe imewekwa mahali pa wazi, na mahali ambapo wanahesabu wa dunia huweka kazi zao kabla majarida hayajazipitia ni ghala fulani la mtandaoni. Kuingia ghala hilo ni bure, lakini mgeni hapiti mlangoni peke yake. Anapewa namba ya siri, anatafuta mtu ambaye tayari ameweka kazi zake mle mara kadhaa, na mtu huyo anaiandika namba hiyo kwenye mtandao kusema huyu namjua, aingie. Mtu huyo ndiye mdhamini. Lydiah angefanya hivyo kwa furaha, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuweka kitu mle. Kazi zake zote zimo kwenye majarida ya karatasi. Mwenye sifa hiyo karibu na Mlima Kenya, kwa hesabu za Lydiah, alikuwa mmoja tu: Dokta Gichovi, mtu wa Kanja huko Embu, anayefundisha ng'ambo na ambaye mwezi huo alikuwa nyumbani akiangalia kahawa ya mama yake.

Joyline alimwandikia barua pepe. Wiki ikapita. Akamwandikia tena. Kimya. Fomu ilikuwa inafungwa Jumatatu jioni, na ghala huchukua siku mbili tatu kukagua kazi kabla ya kuitoa, kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtu wa darasa la nane: kazi isipoingia kabla ya Ijumaa jioni, safari imekwisha, na kungoja ni mwaka mzima.

Haya yote Murungi aliyasikia Jumatatu, wiki moja kabla ya fomu kufungwa, Joyline alipompigia simu mama yake akiwa amekata tamaa. Aliinyakua simu mkononi mwa dada yake. Akamwambia Joyline kwamba kosa lake ni moja: amemwomba mtu mzima kitu kizito kwa barua, kama anayeagiza mbolea. Jambo la namna hiyo linaendewa kwa miguu. Mtu akimtaka msichana wa watu, je, huandika barua? Huenda na wazee. Basi kesho yake yeye Murungi angekwenda Kanja.

Jumanne alimaliza zamu ya asubuhi mapema, akamwachia katibu wa kamati ujumbe kwamba ya mchana itachelewa, akavaa koti lake la Krismasi na kubeba mkungu wa ndizi. Kupeleka ndizi Embu ni kama kupeleka mawe mtoni, lakini mikono mitupu haibishi hodi. Aliteremka Runyenjes, pikipiki ikamfikisha Kanja, na kabla ya saa saba alikuwa amekaa kwenye baraza ya Dokta Gichovi, mkungu kati ya miguu yao.

Dokta alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani usoni, kaptura iliyotiwa doa na utomvu wa migomba. Alimkaribisha chai na kumuuliza kwa upole alichokuja nacho. Murungi akajibu kwamba alichokuja nacho ni ndizi. Wakazungumza juu ya mvua. Wakazungumza juu ya bei ya kahawa, ambayo wote wawili waliona ni dhambi. Dokta akauliza tena, na Murungi akasifu ng'ombe.

Hapa msomaji wa mjini atamwona Murungi ni mjinga, kwa hiyo na aelewe. Kwao Murungi, siku ya kwanza mtu haendi kuomba. Siku ya kwanza anakwenda kuonekana. Anakaa, anakunywa, anaangaliwa anavyokaa na anavyokunywa, anaondoka. Wenye nyumba wanabaki wakiulizana yule alitaka nini, na mpaka anaporudi siku ya pili tayari wamemzoea kidogo, na neno lake linakuta mahali pa kukaa. Atakayelitoa neno siku ya kwanza ni mtoto, au mwanasiasa.

Kwa kukosa la kusema, Dokta akataja maji. Tangi lake lilikuwa juu ya shamba, na kutoka kwenye valvu ya tangi yalitoka mabomba matatu: la zizi, la kitalu cha miche ya kahawa, na la bustani ya sukumawiki. Kila bomba na valvu yake. Zizini maji yalifika, kwingine yalikuwa yanatoka kama machozi ya mlevi.

Murungi hakuhitaji hata kusimama. Alimwambia Dokta kwamba mfanyakazi wa shamba anafungua zote pamoja, na Dokta akakubali kwamba ni kweli. Pale barazani palikuwa na bakuli la makadamia na maganda yake. Murungi alichukua maganda manne, moja katikati, matatu pembeni, akaanza kumfundisha.

Alisema Kanyakine kuna mahali palivyo hivyo hivyo: valvu namba nane katikati, na namba tisa, kumi na kumi na moja zimetoka kwake. Asubuhi ni maji ya zile tatu, mchana ni ya nane. Kutoka tisa kwenda kumi unapita nane, hakuna njia nyingine, kwa hiyo hiyo ni miendo miwili. Kumi kwenda kumi na moja, miwili tena. Zikishamaliza saa zake unaanza kuzifunga, ndipo ufungue nane. Alitembeza kidole juu ya maganda kwa kasi ya mcheza karata.

"Miendo saba," akasema. "Mtu mwingine hapo atatembea mpaka mabuti yaishe. Mimi ni saba, kila siku, miaka kumi na mmoja."

Dokta aliinama juu ya maganda. Midomo yake ilicheza kama ya mtu anayesali.

"Saba?"

"Saba, Dokta."

Dokta aliomba namba ya simu ya mgeni wake. Murungi aliaga, akakataa kusindikizwa, akarudi Kanyakine na kufungua zamu ya mchana kwa kuchelewa saa moja tu.

Joyline alipopiga simu jioni hiyo kuuliza Dokta amesema nini, Murungi alimweleza kwamba mambo yamekwenda vizuri mno, Dokta amempenda, na kwamba ombi lenyewe atalipeleka Jumamosi.

"Anko," Joyline akasema, bila kupandisha sauti, "mwisho ni Ijumaa."

Alikuwa ameambiwa Ijumaa. Aliisikia Ijumaa. Lakini Murungi alikuwa anajua Ijumaa za serikali, za kanisa na za kamati, ambazo huvutika kama mpira mtu akizungumza na watu vizuri. Hakujua kwamba mashine haina siku ya kwanza na siku ya pili.

Lakini Kanja nako hakukulala. Ile saba ilimkaa Dokta Gichovi kama mfupa wa samaki. Jumatano asubuhi, alipokuwa akipitia barua pepe ili azifute, na kila wiki huandikiwa na watu asiowajua wakidai wamegundua makubwa, aliona moja yenye neno Kanyakine. Akaifungua. Ukurasa wa tatu akakuta picha: nukta moja katikati, tatu pembeni. Akasoma kurasa zote kumi na nane akiwa amesimama. Kisha akampigia Joyline kwa namba iliyoandikwa chini.

Alimwambia kazi yake ameipenda. Akamwambia pia kwamba kumdhamini mtu si kuapa kuwa hesabu zake ni sahihi. Ni kusema tu kwamba ni mtu wa kazi hiyo kweli. Ila kulikuwa na tatizo dogo. Kwa kanuni ya Joyline, umbo lile haliwezekani kwa chini ya miendo tisa. Na jana yake mzee mmoja kutoka hapo hapo Kanyakine, tena anayeshukuriwa kwenye kazi yenyewe, alikaa mbele yake na kulifanya kwa saba.

"Mimi mwenyewe sikuona alipopunguza," Dokta alisema. "Anafanya haraka. Lakini siwezi kuweka jina langu kwenye kitu nilichoona kinavunjwa juu ya meza yangu. Tafuta ile miendo miwili, unipigie."

Joyline alitafuta Jumatano nzima. Alipitia uthibitisho wake mstari kwa mstari, akaomba Lydiah naye aupitie, na wote wawili hawakuona ufa. Alhamisi asubuhi alipanda gari hadi nyumbani, mkoba umejaa karatasi, macho yamevimba. Alimkuta mjomba wake sebuleni kwake akisubiri saa ya kwenda kufunga maji ya asubuhi. Akamwaga maharagwe mezani, akapanga manne, akamwomba amwonyeshe ile saba.

Hapo ndipo Murungi alipohisi sakafu inateleza.

Kwa sababu saba ilikuwa ya kweli na haikuwa ya kweli. Valvu namba tisa iko chini kabisa, bondeni, langoni mwa mama mmoja mjane anayeitwa Karwirwa, na mteremko wake ni wa kumfanya mbuzi afikirie mara mbili. Kuifungua asubuhi na mapema, miguu ikiwa mipya, si kazi. Kurudi kuifunga ndiko kunakoua. Kwa hiyo tangu mwaka wa pili wa kazi yake, Murungi alikuwa ameacha spana ya akiba chini ya mtungi wa Karwirwa. Saa ikifika, Karwirwa anafunga. Murungi huteremka baadaye, miguu imepoa, kunywa chai na viazi vitamu. Miaka tisa. Alikuwa ameisema ile saba mara nyingi hivi kwamba alipoihesabu mbele ya Dokta hakuona anadanganya; alihesabu miguu yake, na miguu yake ilikuwa imetembea saba kweli.

Alimwonyesha Joyline kwa haraka. Joyline akasema arudie polepole. Alirudia, na alipofika kwenye kufunga tisa akaanza kukohoa, akasema katika hesabu za kazini kuna ujuzi wa mkono usioandikika. Kijana mwingine angemshuku. Lakini huyu alikuwa amelelewa na hadithi ya spana isiyoshikwa na mkono mwingine, tangu akiwa shule ya msingi. Kama mjomba anasema saba, basi ni saba, na kurasa kumi na nane ni uongo. Aliyakusanya maharagwe, akayarudisha kwenye mkebe, akatoa karatasi zake, na kwa kalamu nyekundu akaanza kukata ukurasa wa tisa, ule wenye kanuni, mstari baada ya mstari, akiuliza kila mmoja kosa lake.

Murungi alisema anakwenda kufunga maji. Akateremka moja kwa moja kwa Karwirwa.

Alimkuta ameinama kwenye kisanduku, spana mkononi, anamaliza kuzungusha. Mama wa miaka sitini na mitatu, leso imefungwa kiunoni. Akamwambia yote, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alimwambia Joyline anakata karatasi. Alimwambia kamati ikijua, kazi imekwisha, na si kazi tu, maana mtu aliyepigia mkono wake ngoma miaka kumi na mmoja ataingiaje tena kanisani? Labda, akasema, msichana atatafuta kosa, asilione, aachane nalo, mwakani aandike kitu kingine.

Karwirwa alifunika kisanduku kwa mguu.

"Baba Kendi," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "uongo wako una miguu, na miguu yenyewe ni yangu. Mimi sijawahi kusema kitu. Mtoto akikosa shule kwa ajili ya chai yangu, nitasema."

Akaingia ndani kupakua viazi. Murungi hakuvila. Alipanda ule mteremko bila kupumzika, na aliyemwona anasema siku hiyo mashine ilikuwa inatoa moshi.

Joyline alikuwa amefika ukurasa wa kumi na moja. Murungi alikaa mbele yake, akafungua mkebe, akapanga maharagwe manne, na pembeni ya lile la bondeni akaweka la tano.

"Ni tisa," akasema. "Hesabu yako haina kosa. Miwili ni ya Karwirwa. Yeye ndiye anayefunga namba tisa, tangu wewe uko darasa la nane."

Joyline aliangalia maharagwe. Alihesabu kwa ncha ya kalamu: saba, na miwili ya kwenda na kurudi bondeni, tisa. Akahesabu tena. Murungi alitegemea acheke, au angalau afoke, apate pa kujitetea. Msichana hakufanya hata moja. Alitoa karatasi mpya, akaanza kuandika upya ukurasa wa tisa, na alipofika katikati ndipo aliposema, bila kuinua kichwa, "Siku mbili, Anko. Nimeomba msamaha kwa Mwalimu Lydiah kwa kosa ambalo sikulifanya."

Murungi aliyarudisha maharagwe kwenye mkebe, moja moja.

Dokta Gichovi alipigiwa simu saa nane mchana. Joyline alitaka kuzungumza mwenyewe, lakini Murungi aliiomba simu kwanza. Alijitambulisha kuwa ni yule wa ndizi. Akasema Jumanne hakusema kilichompeleka, na sasa anakisema, kwa simu, ambayo kwao si heshima, lakini Ijumaa ni kesho. Akaeleza habari ya spana ya chini ya mtungi, yote, bila kuipaka mafuta. Akamaliza kwamba anamwombea mtoto wa dada yake udhamini, na kwamba kama katika nyumba yao kuna mtu asiyeaminika, basi si msichana.

Dokta alicheka kidogo, si kwa kebehi.

"Mzee, Jumanne ulikuja kuonekana," akasema. "Baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyesahau. Basi nilikuona. Nipe msichana."

Waliongea nusu saa. Ya ndani Murungi hakuyafuata, ila aliona uso wa Joyline ukifunguka. Dokta alitaka aongeze aya moja mwishoni: mfungua maji wa pili akiwekwa kwenye valvu moja ya pembeni, miendo inayookolewa ni mingapi, na ni valvu gani ya kumweka. Hilo nalo, alisema, ni swali zuri, na limeulizwa na mama mwenye mtungi. Si lazima majina yatajwe. Aandike tu mtu wa pili. Joyline alimgeukia mjomba wake kumpa njia hiyo ya kujificha.

Murungi aliitazama ile karatasi yake ya ukutani. Watu wanaoisoma walikuwa wengi, na mmoja wao ni Thuranira, katibu wa kamati, karani mstaafu asiyepitwa na mstari.

"Andika Karwirwa," akasema.

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa tatu, Dokta aliandika ile namba ya siri huko Kanja, na mlango ukafunguka. Joyline aliingiza kazi yake akiwa mezani kwa mama yake, kwa bando la simu, sahani ya githeri kando. Muda huo huo Murungi alikuwa amesimama mbele ya Thuranira, kofia mkononi, kwa sababu aliona ni heri kamati isikie kwake kabla haijasikia kwa dunia. Thuranira alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza tarehe, akaziandika. Alisema wajumbe wataitwa Jumapili baada ya ibada.

Waliitwa. Walikaa saa mbili. Wako waliotaka afukuzwe kama mwenzake, wako waliosema kwa miaka tisa kabichi za Karwirwa hazijawahi kuelea, na wako waliotaka kujua hasa miendo ni mingapi, ikabidi Joyline aletewe ubao wa shule ya Jumapili. Mwisho wakaamua. Murungi anabaki na kazi, lakini kwa miezi mitatu atatembea tisa, kwa miguu yake mwenyewe, na Thuranira atampigia simu saa ya kufunga kuhakikisha anahema. Baada ya hapo Karwirwa atapewa spana yake rasmi, jina lake liandikwe daftarini.

Jumatatu mchana kazi ilitokea kwenye ghala, ikiwa na namba yake na jina la Joyline. Jioni hiyo fomu ikaondoka kabla haijafungwa. Jibu bado halijaja. Wamesema ni wiki sita. Aya ya mwisho inasema kwamba kisa cha mfungua maji wa pili kilitokana na kazi ya Bi. Karwirwa, mkazi wa Kanyakine. Karwirwa hakuomba ichapishwe. Alisomewa, akasema vizuri, akaenda kukama.

Na Murungi? Ukipita bondeni pale karibu saa tano utamsikia kabla hujamwona, akishuka mteremko huku akihesabu kwa sauti ili mtu yeyote mwenye shaka apate ushahidi. Anasema sasa kwamba kanuni ile inayosomwa mpaka ng'ambo ilijaribiwa kwa magoti ya mtu mmoja tu duniani, na hilo, kwa mara ya kwanza, ni kweli tupu. Karwirwa hukaa kwenye kigoda langoni, kikombe mkononi, akimwangalia anavyoinama kuzungusha.

"Ni wa ngapi huo?" humuuliza.

"Wa nane," Murungi hujibu, akishika kiuno, kisha anageuka kuutazama mlima uliobaki.

Chai hunywa baadaye, ikiwa kimeachwa kitu kwenye birika.